Zamu ya Kushuka Ulimi wa Ng'ombe

Jumapili, 3 Machi

...wakacheka mpaka Mincho akamwaga kahawa, na mimi bado nimesimama mlangoni na theluji kwenye viatu. Neno nililosema lilikuwa moja tu. Nahodha wetu Delcho aliuliza mwaka huu nani anakuja mazoezini, Shangazi Paunka wa posta akainua mkono, Mincho akainua kikombe, mimi nikasema, "Nakuja."

"Unakuja wapi?" Mincho akasema. "Kwani umeshashuka?"

Hiyo ndiyo salamu yangu hapa kijijini. Dukani, kanisani, kisimani. Umeshashuka, Rusko? Watoto nao wanajua.

Ni hivi. Kila Julai kuna mbio za baiskeli huku mlimani kwetu, za kupokezana. Timu ni watu wanne, angalau mmoja mwanamke, saa kumi na mbili bila kupumzika. Mmoja anazunguka, watatu wanangoja. Njia inapita juu ya Ulimi wa Ng'ombe, jiwe moja refu lililoinama kama paa, kutoka msitu wa juu mpaka kijitoni. Asiyetaka jiwe anazunguka kwa njia ya pembeni, inakula dakika nane. Mwaka jana zamu ya mwisho ilikuwa yangu. Nilifika juu ya jiwe nikasimama. Sikushuka, sikuzunguka. Mguu mmoja chini, mikono kwenye breki, watu wananipita. Sijui nilisimama muda gani. Delcho ndiye alikuja kunichukua kwa miguu. Tukachelewa kufika kwa dakika tatu, na timu inayochelewa haihesabiwi. Kijiji kizima kilikuwa pale chini na ngoma.

Leo Delcho hakucheka. Alinitazama kama anavyotazama ubao wenye nyufa pale kiwandani kwake. Kisha akasema, "Aje. Mazoezi si harusi, hayana kadi."

Daftari hili kanipa Paunka. Kasema niandike kila siku nimeendesha kiasi gani. "Usiandike hadithi, Rusko. Andika kilomita." Shule niliacha darasa la saba nikaingia msituni na farasi, kwa hiyo naandika ninavyoweza.

Kilomita: sifuri. Theluji.

Jumapili, 10 Machi

Kilomita kumi na moja. Matope. Ule uzi mwekundu na mweupe wa kukaribisha masika, Paunka aliotufungia kwenye usukani tarehe moja, umeshakuwa wa kahawia.

Jumanne, 19 Machi

Kazini kutwa, baiskeli sikuigusa. Tunaburuza misonobari iliyokatwa juu ya kijito. Namfungia farasi wangu Sokol gogo, nampiga kofi shingoni, anashuka peke yake mpaka chini, mzee wa chini anamfungua, anapanda tena peke yake. Mara kumi na nne leo. Yeye hahitaji mtu. Mimi natembea nyuma kama karani.

Bibi Raina kaniuliza kwa nini nakonda. Nimemwambia baiskeli. Kasema babu yako alikuwa na farasi wawili na hakuwahi kuvaa kaptula.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeona korongo wa kwanza. Nimefungua ule uzi nikaufunga kwenye mti wa plamu wenye maua, kama desturi yetu. Kilomita ishirini na mbili.

Jumapili, 14 Aprili

Sasa tuko watano.

Kamen amerudi kutoka Ujerumani. Ni mpwa wa Delcho, mtoto wa dada yake. Amekuja na baiskeli ambayo ukiinua kwa kidole inainuka. Mincho aliizunguka mara mbili, akavua kofia kama yuko msibani.

"Hii inakula nini?" akauliza.

"Inakula watu wazembe," Kamen akasema, wote wakacheka, na mimi nikaangalia baiskeli yangu. Fremu ni ya babake Mincho, gurudumu la mbele la posta, la nyuma sijui.

Lakini watano si wanne, na hesabu hiyo hata darasa la saba tunaijua. Tukipanda kilima cha kanisa Kamen alikuwa anaongea. Anaongea huku anapanda! Anamwambia Delcho habari za kiwandani kwao, mashine gani, wiki ngapi za likizo. Kasema wiki mbili.

Simpendi. Naandika tu.

Jumamosi, 20 Aprili

Kilomita thelathini na moja. Mvua. Mama wa duka: umeshashuka?

Jumatatu, 29 Aprili

Wiki mbili zimekwisha jana. Kamen bado yupo.

Jumamosi, 11 Mei

Leo lazima niandike hadithi, Paunka anisamehe.

Tumefanya mazoezi ya kupokezana. Ukungu ulikuwa mzito, ukinyoosha mkono hauoni vidole. Anayengoja hajui nani anakuja, anashtuka mtu yuko mbele yake. Mincho akasema dawa anayo. Mincho ni mchungaji na kondoo wake wanavaa kengele za babu yake, kila moja na sauti yake, zimepangwa kama zumari. Akatufungia kila mtu moja chini ya kiti. Delcho kubwa, Paunka ndogo, mimi ya katikati iliyopasuka kidogo.

Ilifanya kazi. Nilikuwa nangoja kwenye uzio nikasikia ndogo, nikajua ni Paunka. Nikanyoosha mkono, akanivisha ule ukanda wa mkononi tunaopokezana, nikaondoka bila kumwona uso. Nilirudi nikampa Delcho.

Sasa kengele ya Delcho ilikuwa ni ya beberu anayeongoza kondoo. Mincho hakufikiria. Sisi wote hatukufikiria, na wote tumekulia na kondoo! Delcho akaondoka na kengele yake kwenye ukungu, na kondoo mia na arobaini wakainua vichwa wakamfuata. Yeye anasikia vishindo nyuma, anadhani ni Kamen anamkimbiza, anakanyaga zaidi. Wao wanakimbia zaidi. Wamemfuata mpaka ndani ya kiwanda cha mbao. Wamejaa mpaka ofisini.

"Mincho!" tumesikia kutoka bondeni. "Mincho, njoo uchukue ukoo wako!"

Paunka alikaa chini kwenye majani akalia kwa kucheka. Hata mimi. Kamen alikuwa karibu yangu, akaniegemea bega, akacheka mpaka akakosa pumzi. Kisha akaacha ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu. Simu yake huitoa kila mara akaiangalia. Haijawahi kulia hata siku moja, nimeona.

Jumamosi, 25 Mei

Wiki hii tunatoa magogo juu kabisa, na njia ya kuyashusha ni ile ile ya wazee, juu ya Ulimi wa Ng'ombe. Mvua siku nne. Jiwe lilikuwa linang'aa kama limepakwa mafuta.

Nimemtazama Sokol siku nne. Yeye hapiti katikati. Watu wa baiskeli wote wanapita katikati kwa sababu ni pana. Sokol anakwenda ukingo wa kushoto, pale magogo ya miaka mia yamekwaruza mpaka jiwe likawa na mfereji wenye mikwaruzo usioteleza, kama tupa. Ukitazama kwa mbali huuoni. Lazima uwe umetembea nyuma ya farasi.

Na hasimami. Akisimama gogo linakuja linamvunja miguu ya nyuma. Kwa hiyo anaanza polepole sana, polepole kama anasali, lakini akishaanza hasimami mpaka kijitoni. Mwaka jana mimi nilisimama juu kabla ya kuanza, nikawa nangoja hofu iishe. Kumbe hofu ndiyo gogo. Haiishi, inakufuata tu, wewe tembea.

Kilomita sifuri. Lakini leo nimefanya mazoezi kuliko siku zote.

Jumapili, 2 Juni

Nimeshuka.

Asubuhi peke yangu. Mara ya kwanza nilianguka baada ya hatua tano, goti limechubuka. Mara ya pili nilianguka karibu na chini, kiwiko. Mara ya tatu nimeshika mfereji wa kushoto, nimeachia breki ya mbele, makalio nyuma ya kiti, macho kijitoni. Nikafika. Nikakaa majini na viatu.

Nilimwambia Mincho kwa sababu ndiye wa kwanza niliyekutana naye.

"Nimeshuka," nikasema.

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Farasi?"

"Farasi alikuwa nyumbani."

"Basi hata shahidi mwenye kwato huna," akasema, akanipa jibini nusu, akaenda zake.

Jumapili, 16 Juni

Delcho kasema leo ndiyo leo. Paunka na Mincho hawana shaka, yeye mwenyewe ni nahodha, nafasi moja imebaki. Mimi na Kamen, mzunguko mmoja kila mtu, na saa. Nikauliza, "Na Ulimi?" Kasema Ulimi hapana, bado wanashusha magogo, tutapita barabara ya kiwandani.

Barabara ya kiwandani ni tambarare na kokoto. Ni barabara ya mapafu na baiskeli nyepesi.

Nimeshindwa kwa sekunde arobaini.

Waliokuwa wamekaa kwenye mbao walimpigia Kamen makofi. Delcho alikuja akaniwekea mkono begani, mkono mzito una harufu ya gundi. "Utatusaidia na maji, Rusko. Na minyororo. Hakuna anayejua minyororo kama wewe."

Nilitaka kumwambia: hamkunipima mahali niliposhindwa. Mmenipima mahali pengine. Mtu aliyezama mtoni humpimi kwa kupanda mti. Yote hayo yalikuwa kichwani yamepangika kabisa. Mdomoni likatoka, "Sawa."

Nachukia hilo neno.

Jumatatu, 17 Juni

Kilomita arobaini.

Jumanne, 18 Juni

Kilomita arobaini na mbili. Bibi: "Si wamekutoa? Unakwenda wapi?" Nimesema naenda kuendesha. Kasema unafanana na babu yako kichwa, alikuwa haambiliki mpaka anazikwa.

Jumapili, 23 Juni

Nimekwenda mazoezini kama kawaida. Nimekaa mwisho, wa tano. Wakipanda nami napanda. Delcho kageuka mara mbili, kisha akaendelea kupanda. Mincho ndiye kasema, "Rusko, wewe ni mkia? Tulikata mkia juzi, mbona umeota tena?"

Nikasema, "Umeota."

Kabla ya leo sikuwahi kumrudishia Mincho utani hata mara moja.

Ijumaa, 28 Juni

Nimefanya kitu. Naandika polepole ili kiwe wazi.

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka majina mjini. Delcho alijua naenda kuchukua viatu vya Sokol, akanipa fomu. Alikuwa ameandika majina matatu kwa mwandiko wake mzuri. La nne aliacha wazi kwa sababu Kamen jana hakuwa na kitambulisho chake. Asubuhi akanipa karatasi ndogo yenye jina kamili la Kamen na namba.

"Unakili tu," akasema. "Herufi kwa herufi. Utaweza?"

Alikuwa hana ubaya. Aliuliza kama unavyomuuliza mtoto kama ataweza kubeba ndoo. Nikapanda basi na lile neno. Utaweza. Kila kona ya barabara. Utaweza.

Pale ofisini kuna dirisha na mama mwenye muhuri. Kuna meza yenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nilikaa. Mkono wangu ulikuwa umetulia, hilo ndilo linalonishangaza, mimi ambaye hata dukani natetemeka nikiulizwa nataka nini. Nikaandika jina langu. Nikaandika namba yangu. Niliandika vizuri kuliko ninavyoandika humu.

Mama akasoma majina yote manne kwa sauti, na la kwangu likasikika kama la mtu mwingine, mtu mwenye shughuli zake.

"Una uhakika?" akauliza. "Nikishapiga muhuri habadilishwi mtu, hata akifa."

"Nina uhakika."

Akapiga.

Nilirudi na viatu vya farasi mgongoni. Sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kiwandani. Walikuwepo wote, wanakula maharage kwenye sufuria moja. Kama ningengoja kesho nisingesema, najijua. Nikasema, "Jina la nne nimeandika langu."

Mincho alidhani natania. Akacheka peke yake, halafu akaacha.

Delcho akasimama. "Rudia."

"Nimeandika langu. Muhuri umepigwa."

"Nilikupa karatasi."

"Ninayo hapa." Nikaiweka mezani, kando ya mkate.

"Kwa hiyo wewe ni mwizi," Delcho akasema. Polepole, kama anauliza. "Bubu wetu ni mwizi. Nimekuchukua juu ya lile jiwe mwaka jana, nimekushika mkono kama mtoto, sikukutukana hata siku moja. Kijiji kizima kimekucheka, mimi sikucheka. Ndiyo malipo?"

"Hujanipima kwenye jiwe."

"Sikukupima kwenye jiwe kwa sababu sikutaka kukuokota vipande!"

"Hujanipima," nikasema. Nililirudia hilo hilo. Paunka alikuwa anatazama maharage. Akasema, "Rusko, mwanangu, hii si njia." Nikamwambia, "Najua, shangazi. Nyingine sikuiona."

Kamen aliichukua ile karatasi yenye jina lake, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni.

Jumatatu, 1 Julai

Hakuna anayeniuliza tena kama nimeshuka. Hakuna anayeniuliza chochote. Kilomita arobaini na tano, ngurumo mbali.

Jumatano, 3 Julai

Kilomita thelathini. Mtu kanitolea upepo gurudumu la nyuma nje ya duka. Nimejaza. Kesho akitoa nitajaza.

Ijumaa, 5 Julai

Delcho kapita msituni na gari la mbao. Kasema kupitia dirishani, bila kusimama vizuri, "Jumapili mazoezi. Kama umo, basi umo." Ngurumo tena, mvua haijanyesha.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya mazoezi Kamen alinifuata mpaka pale tunapopanga magogo. Nilidhani amekuja kupigana. Niliweka baiskeli chini nikangoja. Ni mkubwa kuliko mimi.

Akakaa kwenye gogo. Akamwelekezea Sokol kidevu.

"Anauma?"

"Wageni tu."

"Basi mimi ataniuma." Akacheka kidogo. Kisha akasema, akimtazama Sokol, "Kazini walinipunguza Januari. Watu tisini siku moja. Nyumba nimerudisha, gari nimeuza. Ile baiskeli ndiyo iliyobaki. Mama anadhani niko likizo. Kila asubuhi ananiuliza, likizo yako ni ndefu hivi? Namwambia nimeomba zaidi kwa ajili ya mbio, kijiji kinanihitaji."

Kwa hiyo ndiyo maana simu haikuwa inalia. Nilikuwa nimeona yote, ile simu, zile wiki mbili zisizokwisha, nikayaandika humu, na sikuyaelewa kwa sababu sikumpenda. Kuona kumbe si kuelewa.

Nilitaka kuomba msamaha. Lakini msamaha bila kurudisha ni maneno tu, na nafasi nisingeirudisha hata kama muhuri ungefutika. Kwa hiyo nikasema ukweli: "Sitairudisha."

"Sijakuja kuomba," akasema. "Nimekuja kukuambia kitu kimoja. Ukisimama tena juu ya lile jiwe, safari hii hutakuwa umesimama wewe peke yako. Nitakuwa nimesimama na mimi. Mama yangu atakuwa pale chini anatazama. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mincho kasema umeshashuka. Basi nionyeshe hiyo njia yako."

Tukaenda. Nilimwonyesha mfereji wa kushoto, akapapasa kwa kiganja kama daktari. Nikashuka mara tatu. Yeye alisimama chini na saa. Mara ya tatu akasema, "Unafunga macho pale katikati."

"Sifungi."

"Unafunga, mjinga wewe. Fungua."

Ijumaa, 12 Julai

Kamen anakuja kila siku baada ya kazi yangu. Anatukana sana, kwa Kijerumani pia. Alitaka kunipa baiskeli yake, nimekataa, yangu naijua inapolia. Gurudumu lake la nyuma nimekubali. Delcho ameliona na hakuuliza.

Alhamisi, 18 Julai

Mbio zimeangukia Jumamosi tarehe ishirini, siku ya Mtakatifu Eliya. Bibi amegundua leo kwa kuhesabu kwenye kalenda ya kanisa, na nyumba imewaka.

"Siku ya Eliya hakuna anayefanya kazi! Hakuna anayepanda kitu! Anaendesha gari lake la moto huko juu, ndiyo ngurumo hizo, magurudumu siku hiyo ni yake peke yake. Unataka kushindana naye?"

"Bibi, si kazi, ni mchezo."

"Kwake ni magurudumu."

Nikamwambia timu sitini zinakuja, je, atazipiga zote? Kasema hapana, atampiga aliyeambiwa na bibi yake akakataa.

Kisha akaenda nyuma kuchagua jogoo mzee wa kuchinja, kama kila mwaka. Hajanibariki, hajanikataza tena.

Jumamosi, 20 Julai, saa nne asubuhi

Tumeanza saa kumi na mbili asubuhi. Zamu zetu: Delcho, Mincho, Paunka, mimi. Halafu tena. Halafu tena. Mizunguko kumi na miwili ndiyo inayotakiwa, na wa mwisho uwe umefika kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo hatuhesabiwi.

Naandika kwa sababu mikono haitulii isipokuwa ikishika kalamu.

Nimemaliza zamu ya kwanza. Naandika ukweli kwa sababu humu sijawahi kuandika uongo. Nilifika juu ya Ulimi, kukawa na watu pande zote mbili, wana ngoma, wana simu zao mikononi, mmoja akapiga kelele, "Huyu ndiye yule!" Nikageuza usukani nikapita njia ya kuzunguka. Dakika nane zimeliwa.

Nilipofika Kamen alinipa maji. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Saa nane na robo mchana

Nimeshuka. Mzunguko wa pili, mbele ya watu. Sikumtazama mtu yeyote, nilitazama kijito. Macho wazi njia nzima. Sikusikia ngoma, nilisikia tairi tu kwenye mfereji, krrr, kama tupa. Mincho alikuwa amesimama chini. Alinikimbilia pembeni mpaka pumzi zikamwisha, akipiga kelele, "Nimekuona! Mimi shahidi! Mimi kwato!"

Wingu limefunika kilele. Bibi amefika na sufuria ya jogoo, amekaa chini ya turubai, anamtazama Eliya wake mawinguni.

Saa kumi na dakika arobaini

Mvua. Si mvua ya mchezo. Mwamuzi amepita akisema radi iko bonde la pili, mbio zinaendelea, kila mtu kwa kichwa chake. Timu kumi na tisa zimejitoa.

Paunka yuko njiani, mzunguko wa kumi na moja. Anayefuata ni mimi. Delcho amepiga hesabu kwenye kipande cha ubao. Ule woga wangu wa asubuhi umekula nafasi yote. Atakayeenda sasa akizunguka jiwe, hatufiki. Lazima ashuke. Na jiwe lina maji juu yake kama kijito cha pili, watatu wameanguka pale kwa saa moja, mmoja kabebwa na bega limetoka.

Delcho amekuja kuchuchumaa mbele yangu. Maji yanamtiririka puani. Sheria inaruhusu, yeyote kati ya wanne anaweza kuchukua zamu ya mwisho.

"Nipe hii," amesema. Si kwa amri. "Umeshashuka leo, wote wamekuona. Hakuna atakayekucheka tena maisha yako yote. Nipe. Nikivunjika mimi, nimevunjika mimi. Ukivunjika wewe nitamwambia nini bibi yako?"

Na nimemwona Delcho vizuri, labda mara ya kwanza. Mwaka mzima nilidhani ananidharau. Kumbe tangu ile siku aliponichukua pale juu, mtu huyu ananiogopea. Na hajawahi kushuka jiwe likiwa na maji, hata mara moja. Hakuna kati yetu aliyewahi. Mimi nimelitembea siku nne za mvua nyuma ya farasi, najua wapi maji yanapita juu ya mfereji na wapi yanauruka.

"Hapana," nimesema.

"Rusko. Mpe mkubwa wako," Bibi amesema kutoka chini ya turubai.

"Hapana."

Nimesema kwa sauti. Watu wa timu ya jirani wamegeuka. Sikujua nina sauti hiyo.

"Kwa nini, kijana?" Delcho ameuliza. "Unamwonyesha nani?"

Sikuweza kumwambia hapo, watu wengi. Naandika. Niliichukua nafasi hii kwa kalamu, haikuwa yangu kwa saa yao. Kamen amesimama pale kwenye mvua anapaka mafuta mnyororo wangu, mama yake amemshikia mwavuli, hajui lolote. Nilimnyang'anya mtu kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho, nikasema nakihitaji zaidi. Kama sasa jiwe limelowa nami naipeleka zamu kwa mwingine, basi nilimwibia bure. Mwizi anaweza kusimama mbele ya mtu aliyemwibia. Mwizi wa bure hawezi.

Delcho ametoa glavu zake, kavu bado, alikuwa ameziweka kifuani chini ya koti, akanivisha mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Kushika kalamu na glavu ni shida.

Kamen ameniletea baiskeli. Anasema niache kuandika, mjinga wewe. Paunka ameonekana kwenye kona ya mwisho, matope mpaka kwenye meno, ameshavua ukanda, ameunyoosha mkono. Lazima niende, nisipokuwepo pale kwenye mstari hatakuwa na wa kumpa.